Panga Lisilonolewa

Kilakala, Morogoro
14 Januari 2024

Mama Mkubwa Rosa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali naungama kwako jambo ambalo sijamwambia mama, baba wala padre: nimeharibu panga la ndege, kisha nikalipaka rangi ili lisionekane. Nimekaa nalo moyoni tangu Jumanne. Sasa nimeliandika, naweza kukusalimia vizuri.

Hujambo huko Mgeta? Karoti zimeistahimili mvua? Sisi ni wazima. Mama anakohoa na hataki dawa. Mimi nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Wakati nasubiri, baba aliniombea kazi kwa Deepak, yule mwenye duka la vipuri mjini ambaye baba alimwendeshea gari miaka mingi. Deepak amenunua jairokopta, ameiweka kwenye banda mbele ya Kingolwira, penye kiwanja kidogo cha kurukia. Kazi yangu ni kufagia banda, kuchemsha chai, na kutafsiri kitabu cha maelekezo kwa Kiswahili ili kila anayeigusa aelewe anachokigusa.

Najua utauliza jairokopta ni mdudu gani. Ina viti viwili visivyo na paa, injini mgongoni yenye feni ya kusukuma, na juu ya kichwa mapanga mawili, kila moja lina urefu wa mita nne. Ikiwa hewani, injini haiyazungushi hayo ya juu. Yanazungushwa na upepo tu, kadiri ndege inavyokwenda. Kwa hiyo hayo ndiyo mabawa yake, na yakiharibika hakuna kitu kingine cha kukushikilia.

Rubani ni Kapteni Ezekiel. Anavaa miwani ya jua ndani ya banda, hata mvua ikinyesha. Mimi ananiita Bubu. Kitabu kinasema mapanga hayavutwi kwa ncha, hayaegemewi na hayatundikwi kitu. Yeye hutundika koti lake. Wageni wakija hulivuta panga kwa ncha mpaka linapinda, analiachia, linacheza, watu wanacheka. Nilipomsomea tafsiri ya ukurasa huo, kwa sauti yangu hii unayoijua, aliwauliza wageni, "Bubu kasema kitu? Nilidhani mbu."

Jumanne mapanga yalikuwa yamefunguliwa ili banda lipakwe rangi. Kitabu kinataka watu wawili wabebe panga moja, wasilishike kwenye ncha, walilaze kwenye kitanda chake cha mbao chenye sponji. Kapteni alishika upande wake, simu ikalia, akaachia mkono mmoja, akanionyesha kwa kidevu niendelee. Ncha ya upande wangu ikagonga chuma cha mlango. Sauti ilikuwa ndogo kama ya kijiko kwenye kikombe. Hakuisikia, alikuwa anacheka na simu.

Pengo lilikuwa kama punje ya mchele. Nikakumbuka sentensi niliyoitafsiri wiki ile ile: "Makali ya mbele yawe laini, yasiwe na pengo." Nikakumbuka na ulivyonifundisha nyuma ya jikoni kwako, kwamba pengo la panga unalifuata kwa tupa, unakatiza makali, mpaka pasahaulike. Kapteni alipokwenda kula nikachukua tupa. Nilifanya kazi nzuri, Mama Mkubwa. Ungenisifu. Kisha nikapaka rangi nyeupe.

Nilipomaliza nikaendelea na tafsiri, nikafungua ukurasa uliofuata. Unasema panga hilo ni la aluminiamu, na haliguswi na tupa ila na fundi aliyeidhinishwa, kwa sababu mkwaruzo unaokatiza ndipo ufa unapoanzia. Ufa huo hautoi taarifa. Unakua kidogo kidogo mpaka siku panga linapokatika.

Kwa sasa ndege hairuki, injini inasubiri kifaa. Niambie nifanye nini. Kwa simu nisingeweza, unajua sauti yangu inavyokufa kwenye simu. Barua nampa dereva wa gari la mboga.

Mwanao,
Irene


Mgeta
23 Januari 2024

Irene,

Marahaba. Tuko salama. Karoti zimeoza nusu. Kabichi zimestawi kwa sababu kabichi haina akili, inastawi popote. Mwambie mama yako kikohozi hakijawahi kuogopa kiburi cha mtu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakasirika, ya pili nikacheka. Kwa hiyo watu wazima wamenunua kiti, wamekifunga mapanga juu, wanakaa wanasubiri upepo uwafanyie kazi. Huku kwetu upepo unaezua mapaa kila mwaka na hatujauita usafiri.

Na huyo ni kapteni wa nini? Mtu anayetundika koti kwenye kitu kinachomzuia asianguke, mimi nisingempa tenga la nyanya alivushe barabara. Miwani ya jua ndani ya banda! Labda anaficha kwamba amelala.

Lakini aliyenichosha ni wewe. Umesikia wanaliita panga, ukadhani ni panga. Mimi nilikufundisha kunoa panga la kufyekea majani. Sikukufundisha ndege. Usinitie humo.

Unaniuliza ufanye nini. Mimi nina mbuzi wawili na shamba la mteremko. Ndege unayo wewe. Siku zote unasema una aibu, na sisi ndugu zako tumekuamini, tumekusemea kila mahali kama wakili. Sasa niambie, ni aibu gani hiyo inayoshindwa kufungua mdomo lakini inaweza kufungua kopo la rangi? Hiyo si aibu, binti. Huo ni ujanja uliojifunika khanga.

Mwambie huyo kapteni. Kama uso wake unakushinda, zungumza na viatu vyake.

Karoti fupi nilizotuma ndizo tamu. Asizitupe mtu.

Mama yako Mkubwa,
Rosa


Kilakala, Morogoro
11 Februari 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Karoti zimefika, fupi tulizila mbichi. Mama nilimsomea sentensi yako ya kikohozi, akanuna siku mbili, kisha akanywa dawa. Matokeo yametoka, nimepata daraja la pili, na fizikia nina C. Baba ameninunulia soda na kuwasimulia majirani ambao hawakuuliza.

Nimejaribu kusema mara tatu.

Mara ya kwanza nilizungumza na viatu kama ulivyoniagiza. Vina ncha ndefu, kama vinataka kufika kabla ya mwenyewe. Nikasema, "Kapteni, lile panga." Akasema yameshafungwa yote, nisiyaote. Kweli alikuwa ameyafunga asubuhi ile, huku redio ya mpira ikiwa sikioni, na makali hakuyatazama hata mara moja.

Mara ya pili Deepak alikuja mwenyewe. Nilisimama karibu naye na chai mpaka akaniuliza kama kuna jambo. Nikamwambia sukari ipo.

Mara ya tatu niliandika karatasi, nikaiweka ndani ya kofia ya Kapteni. Aliitoa, akafutia miwani, akaitupa.

Sasa kifaa cha injini kimefika. Jumamosi tarehe 24 Bi Hansa, mama yake Deepak, anatimiza miaka sabini na mitano, na zawadi yake ni kuzungushwa angani aone milima ya Uluguru kwa juu. Itakuwa mara ya kwanza ndege kuruka tangu nilipopiga tupa. Bi Hansa ni mfupi, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na kila akija bandani ndiye pekee anayeniuliza kama nimekula. Anahesabu siku. Amenunua raba mpya kwa ajili ya kupanda.

Nilijidanganya kwamba panga likiwa bovu ndege itatetemeka chini, wataiacha. Lakini nimeshakuandikia kitabu kinavyosema: ufa hautoi taarifa.

Umesema hukunifundisha ndege. Ni kweli. Ila neno "makali" ni langu, na mkono ulioshika tupa uliufundisha wewe. Tumeshirikiana, Mama Mkubwa, upende usipende.

Nakuomba ushuke. Ukisimama wewe pale watakusikia hata wasipotaka.

Mwanao,
Irene


Mgeta
22 Februari 2024

Irene,

Marahaba. Hongera ya daraja la pili. Baba yako asiwachoshe watu, ni C ya fizikia, si uaskofu.

Barua yako imefika leo, imevushwa kwa miguu. Barabara ilikatika, gari la mboga limekwama ng'ambo siku nane na dereva, kwa maneno ya watu, ameshaoa huko. Kwa hiyo usiseme nimekudharau. Leo ni Alhamisi, Jumamosi iko hapo mlangoni.

Siji. Usiniulize kwa nini. Nina mbuzi.

Huyu Mwaisha, muuza njegere, anashuka kesho kwa miguu, nampa barua. Ikikuwahi, sikiliza. Yule mama anayekuuliza kama umekula, utamtazama akipanda? Utashika sinia la chai na kumpungia mkono? Sitaki kusikia habari za sauti yako. Kama mdomo umekushinda, kalale mbele ya magurudumu wakuone umerukwa na akili. Kichaa aliyelala chini hajawahi kuangusha ndege. Warubani wenye miwani ndio huziangusha.

Habari ya kushirikiana usiirudie.

Rosa


Kilakala, Morogoro
27 Februari 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Barua yako ilinifikia Jumapili baada ya misa, siku moja baada ya mambo kwisha. Bi Hansa hakuruka. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Jumamosi walikuja kwenye magari mawili, na kachori za kutosha kijiji. Bi Hansa alivaa sari ya zambarau, sweta na zile raba. Kapteni alikuwa amekwisha kujaza fomu ya ukaguzi akiwa anakunywa chai yangu. Niliona kwa macho yangu, alipiga alama za vyema kuanzia juu hadi chini bila kunyanyua kalamu, kama anachora ukili wa mkeka. Kwenye mstari wa mapanga aliandika "salama". Wakati huo ncha za mapanga zilikuwa bado zimevikwa mifuko ya turubai tunayoyafunika nayo ili upepo usiyachezeshe.

Kisha akaenda kuivua mifuko, huku amewageukia wageni anawasimulia jinsi alivyowahi kutua kwenye shamba la mahindi. Panga likisimama huinama kidogo kwenye ncha. Bi Hansa alipita chini yake akielekea kwenye kiti, akainua uso kulitazama. Akasimama. Upande wa chini wa panga, karibu na pale nilipopiga tupa, palikuwa na herufi kubwa nyekundu. Akazisoma kwa sauti ile ya kuita watu ng'ambo ya barabara:

"Hapa nimepiga tupa. Usiruke nalo. Irene."

Akauliza, "Irene nani?" Hakuna aliyejua. Miezi miwili nimewachemshia chai, na hata Deepak ilibidi afikiri.

Nikanyoosha mkono kama darasani. Mkono mwingine ulikuwa na sinia. Nikasema ni mimi. Baada ya hapo maneno yalitoka yote, vibaya, ya mwisho kabla ya ya kwanza: mlango, rangi, ukurasa uliofuata, tupa.

Kapteni alicheka. Alisema ni mkwaruzo wa kitoto, na kwamba yeye ameruka na mapanga mabaya kuliko hayo.

"Uliruka na mama yako," Bi Hansa akamuuliza, "au na mama wa watu?"

Akaomba fomu. Akaisoma ameisogeza mbali na uso, mstari mmoja mmoja, kisha akanyanyua mkono akamvua Kapteni miwani, taratibu, kama anamvua mtoto kofia ndani ya nyumba. Akamwambia, "Umeandika salama. Sasa kasome pale juu."

Sijawahi kumwona mtu mzima akisoma sentensi mbili fupi na jina kwa muda mrefu hivyo.

Deepak alipanda stuli, akapitisha ukucha kwenye rangi yangu ikabanduka, mikwaruzo ikaonekana. Alipiga picha akamtumia fundi wa ndege Dar es Salaam. Jibu lilikuja kachori hazijaisha: yashushwe yote mawili, yasiruke tena. Hata lile zima, kwa sababu yanatengenezwa jozi yenye uzito mmoja, na mwenzake akifa nalo halina kazi. Nilikuwa sijalia mpaka hapo. Hilo lingine halikumkosea mtu.

Nilingoja kufukuzwa. Deepak aliniambia nimemtia hasara, jambo ambalo ni kweli, kisha akaniambia nimalize tafsiri, na safari hii nisome kitabu chote kabla ya kushika chombo. Kapteni yuko likizo ambayo hakuiomba.

Neno "makali" nimelifuta kila mahali. Nimeandika "paji", paji la bawa la juu. Paji la uso hakuna mtu atakayelipiga tupa, hata awe amefundishwa na nani.

Bi Hansa anawasimulia watu wote hekaluni kwao kwamba kuna binti jasiri wa Kiluguru. Amenibana mashavu mpaka yameuma.

Jambo la mwisho. Mwaisha alipoleta barua alisema alikuona Ijumaa kwenye ule mto uliokula barabara, umeshika viatu mkononi, maji yamekufika mapajani, watu wanakuvuta urudi. Wewe hukuandika hilo.

Mwanao,
Irene


Mgeta
8 Machi 2024

Irene,

Marahaba. Huku wazima. Gari la mboga limerudi, dereva amenenepa.

Mwaisha ana macho mabovu. Nilikwenda mtoni kufua.

Ile tupa ya nyuma ya jikoni nimeitupa. Usiniulize.

Huyo Bi Hansa, mpelekee kabichi mbili nilizoziwekea alama ya uzi. Sio kwamba namjua. Nimependa tu alivyomvua mtu miwani. Kapteni wako akiniletea maombi ya kazi nitamfikiria, lakini tenga la nyanya bado simpi.

Sasa tuongee. Barua yako ni nzuri mno, na ndiyo inanitia shaka. Mimi nakujua tangu unatambaa. Wewe ndiye uliyekalia siafu darasa la tatu mpaka kengele ikalia, kwa kuogopa kumwomba mwalimu ruhusa. Leo mtu huyo huyo anaandika herufi kubwa nyekundu na jina lake chini, kama mgombea wa udiwani? Nimeisoma barua yote nikitafuta uliandika lini, ukiwa na nani, unawaza nini. Hakuna. Umeeleza mpaka rangi ya sari, na hapo umeruka.

Wengine wote waache wakusifu. Mimi nijazie hilo tundu.

Rosa


Kilakala, Morogoro
17 Machi 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mama hakohoi tena, baba anasubiri nipangiwe kidato cha tano kuliko ninavyosubiri mimi. Kabichi nimezipeleka. Bi Hansa ameuliza wewe ni nani, nikamwambia ni mtu anayefua mbali na kwake.

Niliandika Jumamosi ile ile, saa moja asubuhi, nikiwa peke yangu. Nilikwenda mapema kujizoeza kusema. Nilisimama mbele ya ndege tupu, viti vitupu, nikafungua mdomo, na hata hapo sauti haikuja. Basi nikachukua ofisini kalamu ya ubao, ile inayofutika kwa kidole. Nikapanda stuli, nikauvua mfuko wa turubai, nikaandika. Sikuandika ili wasome. Nilitaka tu kuona maneno yangu yanafananaje yakikaa pale. Nilikuwa nimepanga kuyafuta.

Nilipoyasoma niliogopa, nikapitisha kidole. Hayakutoka. Kalamu mbili zinakaa kwenye kikombe kimoja na zote ni nyekundu, na mimi nilikuwa nimechukua maka peni, ile isiyofutika. Nikatia mate. Nikasugua kwa pindo la khanga mpaka vidole vikawaka. Kungekuwa na spiriti yangetoka, lakini kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo anao Kapteni. Gari la kwanza likaingia getini. Nikarudishia mfuko, nikaenda kuchemsha chai, nikaomba, Mama Mkubwa, nikaomba kwa Bikira Maria mwenyewe, kwamba mtu yeyote asitazame juu.

Mkono niliunyoosha kwa sababu jina lilikuwa limeshasomwa.

Uliniambia aibu yangu ni ujanja. Nilikasirika sana. Kila siku najiuliza kama ningesema pale Bi Hansa alipofunga mkanda. Siku nyingine najiambia ndiyo. Kisha nalikumbuka lile pindo la khanga, bado lina wekundu, nalifua hautoki.

Jana Bi Hansa alileta wajukuu zake wanione. Aliwapanga mstari, akawaambia watazame vizuri, huyu ndiye aliyesema ukweli wakati watu wazima wamenyamaza. Mdogo wao aliniuliza kama niliogopa. Nikasema kidogo.

Barua hii ukiisoma iwashie jiko. Mama asijue, na Mwaisha kuliko wote, maana akijua Mwaisha limefika sokoni kabla ya njegere. Nakuomba hili ulifiche, hata ukinikasirikia, hata siku moja mkikutana na Bi Hansa uso kwa uso. Yule mama ananiamini. Sitaki ajue nilivyosugua kwa nguvu.

Mwanao,
Irene